Uso Juu ya Pembe: Picha Ndogo za Watoto wa Kifalme, na Sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Katika semina moja hapa Iringa tulikuwa tunajadili taswira ya mtoto katika sanaa ya karne ya 19. Mwenzetu mmoja, ambaye kusema kweli alikuwa amejiandaa kuliko sisi sote, alituletea nakala za picha ndogo za watoto wa Malkia Victoria wa Uingereza. Vichwa vya watoto wenye mashavu mekundu na nywele laini, na kila picha ingeweza kuenea katika kiganja. Alipomaliza kuzieleza akatoa hitimisho lake: wenzetu walikuwa na picha za watoto wa wafalme wao, na sisi tuna fuvu. Darasa likacheka, kile kicheko cha watu waliokosa la kusema. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni fuvu gani. Kalenga ni hapo tu, kama kilomita 15 kutoka mjini, barabara ya kwenda Ruaha.

Siku ile nilinyamaza. Nilitoka na jibu nusu, na jibu nusu ni kama ugali mbichi, humpi mgeni. Sasa nimelipika kiasi, na naliweka hapa mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu.

Hoja yangu ni hii. Mwenzetu alisema kweli, ila aliuliza swali ambalo halitufikishi mbali. Aliuliza nani alikuwa na mchoraji na nani hakuwa naye. Mhakiki inampasa aulize picha ilitengenezwa ili ikae mkononi mwa nani. Tukiuliza hivyo tutaona kwamba picha ndogo ya mtoto wa kifalme haikuwa kipimo cha ustaarabu wa watu fulani. Ilikuwa njia ya kusema kwamba mtoto huyu ana mtu anayemkumbuka. Watoto wa watawala wa upande wetu wa dunia nao walitengenezewa picha, lakini nyingi ziliangukia mikononi mwa waliowashinda baba zao.

Fani kwanza

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa wa kukimbilia maudhui. Hebu tuanze na fani.

Picha ndogo za uso zilichorwa Ulaya kwa karne kadhaa, mwanzoni juu ya ngozi laini ya ndama. Mnamo mwaka 1700 hivi, Rosalba Carriera, mwanamke mchoraji wa Venice, alianza kuchora juu ya pembe ya ndovu, na mtindo huo ukaenea. Pembe ilikatwa vipande vyembamba, ikasuguliwa mpaka ikawa nyororo, ikatolewa mafuta yake, ndipo ikachorwa kwa rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya mti. Pembe hainywi maji kama karatasi. Ukiweka rangi nyingi inateleza na kuchafuka. Kwa hiyo mchoraji alilazimika kwenda kwa nukta na vistari vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa brashi yenye ncha kali.

Kwa nini basi ajitaabishe? Kwa sababu pembe nyembamba hupitisha mwanga. Mchoraji akiweka rangi hafifu sana kwenye shavu, mwanga huingia mpaka ndani ya pembe na kurudi, nawe unaona kama ngozi yenye damu chini yake. Weupe wa shavu la yule mtoto wa malkia si rangi iliyopakwa. Ni pembe yenyewe iliyoachwa wazi.

Tukumbuke neno hilo. Sehemu ya picha inayotufanya tuseme mtoto huyu yu hai ni ile ambayo mchoraji hakuigusa.

Picha hizo ziliwekwa katika kidani, bangili au kikasha. Hazikutundikwa ukutani ili wageni wazione. Mzazi aliye safarini alikuwa nayo mfukoni. Jamaa waliokuwa wanatafutiana wachumba waliwahi kupelekeana. Mtoto akifa, mama aliivaa. Mchoraji mkubwa wa sanaa hii katika Uingereza ya Victoria alikuwa William Charles Ross, aliyezaliwa 1794 na kufariki 1860. Mwaka 1837 alifanywa mchoraji wa picha ndogo wa malkia, na mwaka 1842 akapewa cheo cha "Sir". Aliwachora malkia, mumewe Albert na watoto wao. Victoria alizaa watoto tisa kati ya 1840 na 1857, na alikuwa na bangili aliyopewa na mumewe yenye mioyo midogo ya rangi rangi, na ndani ya kila moyo kuna kishungi cha nywele za mtoto mmoja. Nywele na picha vilifanya kazi moja: kumweka mtoto karibu na mwili wa mzazi.

Kamera ilitangazwa duniani mwaka 1839, na katika muda wa miaka 20 hivi ikawa imewanyang'anya wachoraji wengi riziki yao. Jamaa ya malkia haikuacha mara moja. Annie Dixon, kwa mfano, aliendelea kuwachora watoto wa ukoo huo hata baada ya kamera kuenea. Picha ya kamera ilikuwa rahisi, kila mwenye pesa kidogo aliweza kuipata. Picha juu ya pembe ilibaki alama ya kwamba mtu alikaa na mtoto wako kwa siku nyingi, akimtazama.

Ukiitazama kama mhakiki utaona jambo moja zaidi. Katika picha hizi mara nyingi hakuna kiti cha enzi wala askari. Kuna uso, shingo, labda ukosi wa nguo, na nyuma yake anga. Unaombwa umpende mtoto, basi. Madaraka yamefichwa. Lakini hayakwenda mbali, yamo katika kile kilichochorewa.

Pembe ilitoka wapi?

Hapa ndipo ningemsimamisha yule mwenzetu pale semina, kama ulimi wangu ungekuwa mwepesi. Ningemwuliza: ndugu yangu, hiyo pembe imetoka kwa ndovu gani?

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 hakukuwa na soko la pembe lililoishinda Unguja. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa na mafundi kwa sababu ni laini, inakatika vizuri. Ilikwenda Bombay, ikaenda London, ikaenda Salem kule Marekani, na mji mmoja katika jimbo la Connecticut ukaja kuitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa jinsi ulivyoishi kwa kukata pembe za vinanda. Mwaka 1840 jahazi la Sultan Said bin Sultan, lililoitwa Sultana, lilitia nanga New York likiwa na tende, kahawa, karafuu, mazulia na pembe 108. Mjumbe wa Sultan aliyekuwa ndani yake, Ahmad bin Na'aman, alichorwa picha ya rangi huko huko New York na Edward Mooney. Kwa hiyo pembe na sura viliwahi kusafiri katika chombo kimoja.

Sasa tupande kutoka pwani hadi kwetu. Mimi ni mtu wa Mbeya, na kila muhula nikija Iringa basi letu linapita Igawa na Makambako hadi Mafinga. Upande wa kushoto, chini kule, ni bonde la Usangu, ambalo maji yake ndiyo yanayokwenda kuulisha mto Ruaha. Leo ukisema Usangu watu wanafikiria mchele na ng'ombe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walipafahamu kwa pembe na mateka. Misafara ilifika kwa watawala walioitwa Merere, ikaleta nguo, bunduki na baruti, ikaondoka na pembe mabegani mwa watu. Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alifika kwa Merere mwaka 1877 akakuta Wahehe wamemzingira. Wakati huo Uhehe ulikuwa chini ya Munyigumba, aliyekufa 1879. Baada yake, kufuatia mgogoro wa kurithi, akasimama mwanawe Mkwavinyika, huyu tunayemwita Mkwawa.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba picha fulani ya mtoto wa Victoria ilichorwa juu ya pembe ya ndovu wa Usangu. Kipande cha pembe hakina cheti cha kuzaliwa. Pembe zilitoka pia Afrika ya Magharibi na kwingineko, na sehemu kubwa ya pembe iliishia kwenye vinanda, vitana na mipira ya biliadi, si kwenye picha. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani hakikwepeki. Sanaa iliyomfanya mtoto wa kifalme wa Ulaya aonekane mpole, asiye na jeshi wala mali, ilitegemea biashara iliyoleta bunduki kwa akina Merere na akina Munyigumba, na iliyowafanya watoto wa watu wengine wabebe mzigo. Ule weupe wa shavu ambao mchoraji hakuugusa, kuna watu waliougusa kabla yake.

Mtoto aliyekaa mbele ya kamera

Kabla hatujarudi Kalenga, tumtazame mtoto mmoja wa mfalme wa upande wetu wa Afrika ambaye alifika kwa Victoria mwenyewe. Huyu ni Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia.

Mwezi Aprili 1868 jeshi la Waingereza liliivamia ngome ya Magdala. Tewodros alijiua asikamatwe. Mwanawe, mtoto wa miaka saba hivi, alichukuliwa. Mama yake alikufa njiani kabla ya kufika pwani. Mtoto akafikishwa Uingereza chini ya uangalizi wa Kapteni Tristram Speedy, na mwaka ule ule, katika kisiwa cha Wight, mpiga picha maarufu Julia Margaret Cameron akampiga picha kadhaa. Katika baadhi ya picha hizo yuko pamoja na Speedy, na Speedy naye kavaa nguo za Kihabeshi.

Tuzisome kwa macho ya fani. Cameron alikuwa msanii kweli, alijua mwanga na alijua uso. Ukimtoa Alemayehu kwenye historia yake, ni picha nzuri ya mtoto. Lakini ukiuliza lile swali letu la mkononi mwa nani, picha inabadilika. Hapakuwa na mama wa kuivaa shingoni, wala baba wa kuitia mfukoni. Nguo za kwao zilizokuwa mwilini mwake zilikuwa zimegeuzwa vazi la maonyesho, hata mlinzi wake alizivaa. Picha ya mtoto wa Victoria ilimrudisha mtoto kwa wazazi. Picha ya Alemayehu ilimtoa kwa watu wasiomjua.

Alemayehu alifariki Leeds mwaka 1879, akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Mwaka 2023 Kasri la Buckingham lilikataa ombi la kurudisha mabaki yake, kwa maelezo kwamba haliwezi kufanyika bila kuwasumbua wengine waliozikwa hapo. Mwaka huo huo kishungi cha nywele zake, kilichokuwa kimetunzwa na watu wa ukoo wa Speedy, kilikabidhiwa kwa Waethiopia mjini London. Kumbuka ile bangili ya Victoria. Nywele za watoto wake zilikaa kwenye mkono wa mama. Za Alemayehu zilichukua zaidi ya miaka 140 kupata wa kuzipokea.

Uso uliopimwa

Sasa Kalenga. Mkwawa alilishinda jeshi la Zelewski pale Lugalo mwezi Agosti 1891. Mwaka 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga. Akapigana vita vya msituni mpaka Julai 1898, alipojipiga risasi Mlambalasi asishikwe hai. Ilikuwa miaka 30 baada ya Tewodros kufanya vile vile. Kichwa chake kilikatwa.

Mkwawa hakumkalia mchoraji. Michoro tuliyoizoea ukutani na vitabuni, yule mtu mwenye mkuki na kifua wazi, imechorwa na watu ambao hawakumwona. Kwa hiyo mtu mashuhuri kuliko wote katika historia ya Iringa tunaye kwa mfupa.

Na huo mfupa ulipatikanaje? Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani iurudishe. Haukurudi. Miaka ya 1950 Gavana Edward Twining alikwenda kuutafuta kwenye makumbusho ya Bremen, kulikokuwa na rundo la mafuvu kutoka makoloni. Njia iliyotumika kulichagua ni vipimo: upana wa fuvu ukilinganishwa na urefu wake, na vipimo hivyo vikilinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa ukoo waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu.

Tafakari hapo, msomaji. Mchoraji wa picha ndogo naye alipima, alipima umbali wa jicho na jicho, pua na mdomo. Lakini alipima ili mama akiishika aseme huyu ni mwanangu. Bremen vichwa vilikuwa vimekusanywa ili kupanga watu kwa makundi. Halafu, ili kumpata mmoja kati ya wengi, ikabidi ndugu zake nao walinganishwe kwa vipimo vile vile. Mwenzetu aliposema wao wana picha na sisi tuna fuvu, alikuwa amezitaja njia mbili za kuhifadhi kichwa zilizotumiwa na Ulaya ile ile katika karne ile ile. Yeye alidhani analinganisha Ulaya na Uhehe. Kumbe alikuwa analinganisha Ulaya ilivyowatazama watoto wake na ilivyowatazama watoto wa wengine.

Nilikwenda Kalenga baada ya semina ile. Nilikuta watoto wa shule ya msingi wamepanga foleni. Mmoja, mfupi kuliko wenzake, aliegemea kioo mpaka kikapata ukungu wa pumzi yake. Hakuuliza juu ya vita. Aliuliza kama huyu babu alikuwa na watoto. Akajibiwa kwamba alikuwa nao, na mwanawe Sapi alikuja kuwa chifu, na mjukuu wake Adam Sapi akawa Spika wa Bunge. Ni kweli tupu. Sapi alikulia chini ya utawala wa Wajerumani, Waingereza wakamweka kwenye uchifu mwaka 1926. Adam Sapi alishika nafasi hiyo mwaka 1940, akawa Spika tangu 1962. Lakini mtoto yule hakutaka vyeo. Alitaka kujua walikuwa watoto wa namna gani. Swali lake lilikuwa zuri kuliko la semina yetu.

Binti wa Mtoni

Je, hakuna mtoto wa kifalme wa upande wetu aliyejichora mwenyewe? Yupo. Ni Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mume alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870 akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Berlin.

Tunakisoma kitabu hicho kama historia ya Unguja, au kama kitabu cha kwanza cha aina yake kilichoandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Mimi naomba tukisome kama picha ndogo. Anasema mwenyewe kwamba aliyaandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa hawajui alikotoka. Yaani mpokeaji anajulikana kwa jina. Na fani yake ni ya nukta ndogo ndogo. Baba yake, mtawala wa Unguja na Omani, tunamwona akitembea huku na huko kwenye baraza inayotazama bahari, akichechemea kwa sababu ya jeraha la zamani la vita. Jeraha hilo dogo linamfanya Sultan awe baba wa mtu. Binti tunamwona akijifunza kuandika kwa siri, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Ananakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Wakati watoto wa Victoria wanachorwa na mtu mwingine juu ya pembe, mtoto huyu wa Sultan anajifunza juu ya mfupa kushika kalamu mwenyewe. Ndiyo maana baadaye, hata alipopigwa picha Hamburg amevaa mavazi ya kifalme ya Unguja, picha ile si peke yake inayomsemea. Anacho kitabu.

Lakini tusimfanye malaika. Salme ni mtoto wa tabaka lake. Katika kitabu hicho hicho anautetea utumwa wa Unguja mbele ya wasomaji wa Ulaya. Watumwa wamo katika picha yake, wanabeba, wanapepea, wanalea. Nyuso zao ni za mbali. Na mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimrudisha Unguja na meli za kivita ili kumtisha kaka yake, Sultan Barghash. Ni mwaka ule ule ambao Kaiser aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi, mwanzo wa safari iliyowafikisha Wajerumani Uhehe. Mtoto wa kifalme anaweza kuwa ameumizwa na bado akawa chombo cha kuwaumiza wengine.

Na wasio wa kifalme?

Hapo ndipo Mbeya inaponisaidia. Tukiishia kwa wana wa wafalme tutakuwa tumeirithi hadhi ya picha ndogo pamoja na ubaguzi wake. Utengule ya Usafwa, ambako Wasangu waliishi kwa muda baada ya kusukumwa na Wahehe, ilikuja kuwa misheni ya Wamoravian mwaka 1895. Mmisionari mmoja wa kike, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika huko simulizi za maisha za watu wa eneo lile, wakiwemo wanawake waliopitia vita na utumwa wa karne ya 19. Kati yao yumo Chisi, aliyetekwa angali mtoto. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alikusanya simulizi hizi katika kitabu.

Simulizi hizi zina mkono wa misheni ndani yake, na mhakiki lazima auone. Zilielekezwa kwa wasomaji wa Ulaya waliopenda kuona giza likiishia kwenye nuru. Hata hivyo, Chisi anazungumza. Tunajua nani alimchukua, nani alimlea, alikimbilia wapi. Hakuna aliyempima kichwa. Kama ningeambiwa nichague picha moja ya mtoto wa karne ya 19 kutoka Nyanda za Juu Kusini, ningemchagua yeye kabla ya mwana yeyote wa mtwa au wa Merere.

Hitimisho

Nini cha kufanya? Kuna wanaosema tuchore sura. Siku hizi hata kompyuta itakutengenezea uso wa Mkwawa na wanawe kwa sekunde chache, na utakuwa uso mzuri wenye macho makali. Napinga. Huko ni kufanya kile kile kilichofanywa Bremen, kuchagua kichwa kinachotufaa sisi. Mchoraji wa pembe alikuwa na mtoto aliyekaa mbele yake. Sisi hatunaye, na tukijifanya tunaye tunamdanganya yule mtoto wa foleni ya Kalenga.

Tunachoweza ni kazi ya kalamu. Fasihi yetu imemtendea Mkwawa haki kama shujaa. Tamthiliya ya Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, ilitoka mwaka 1979 na bado tunaisoma. Lakini ubao wa darasani ukiandikwa "Mkwawa", tunaorodhesha Lugalo, Kalenga, Mlambalasi, tunafunga daftari. Bado kuna wazee Iringa na Usangu wanaojua majina ya watoto, nani aliitwa kwa jina la nani, nani alibebwa mgongoni wakati wa kukimbia. Jina lenyewe kwetu ni picha. Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga: humo umeshamwona mtu, baba yake na ukoo wake. Twendeni tukaandike vitu vidogo hivyo, tusiviongezee chumvi, na tuseme wazi ni nani aliyetusimulia.

Kwa mwenzetu wa semina: ndugu, nimekuchukulia maneno yako miezi mingi, nisamehe. Ulitufanyia kazi nzuri kwa kuleta zile picha. Kama unaona nimekosea, hasa hapo kwenye pembe na hapo nilipomtanguliza Chisi mbele ya wana wa watwa, andika. Ukurasa uko wazi, na safari hii sitanyamaza.